Vyeti vya dhahabu vyawaponza madalali wa Kahama

Dalali mmoja wa Nyasubi, mjini Kahama, mwenye leseni na aliyeanza kununua dhahabu kabla masoko ya madini hayajafunguliwa, anasema mnunuzi mgeni akimpigia simu siku hizi haulizi gramu wala usafi wa mzigo. Anauliza cheti cha benki. Mgeni huyo tayari ameonyeshwa karatasi ya kilo mia kadhaa zinazodaiwa kulala kwenye chumba cha hazina Dar es Salaam, Nairobi au Dubai, na anataka dalali wa Kahama naye atoe ya kwake.

Hana. Mzigo wake hutoka kwa wenye mialo ya kuchenjulia dhahabu na kwa wachenjuaji wa marudio, yaani mabaki yaliyokwisha kuchenjuliwa, huyeyushwa, hupimwa sokoni, hukatwa mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa halmashauri asilimia 0.3, kisha hutoka na nyaraka zenye uzito ule ule ulioonekana kwenye mizani. Kwake siku ya kilo moja ni siku njema.

Hesabu peke yake ingetosha kuwaamsha wengi. Oktoba 2025 bei ya dunia ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Wakia ni gramu 31.1, hivyo kilo moja ya dhahabu safi ilizidi dola 128,000, na cheti cha kilo 500 kikawa kinadai mali ya dola milioni 64. Mwenye mali ya kiasi hicho anaizungusha kwa WhatsApp, tena kwa nusu bei, akiomba kwanza atumiwe fedha za bima na za kuutoa mzigo! Hata hivyo wanaotuma wapo. Si mchezo mpya katika ukanda huu: mazungumzo ya mzigo yaliyoanzia Nairobi yaliishia Goma Februari 2011, ndege binafsi ilipokamatwa ikiwa na dhahabu pamoja na mamilioni ya dola taslimu.

Kilichoongezeka ni wapelelezi wa kujitolea, wengi wao vijana wenye simu tu, wanaokusanya vyeti na kuvilinganisha. Hutafuta namba ile ile ya mche wa dhahabu kwenye karatasi mbili, mhuri uliokatwa kutoka waraka mwingine, au usafi wa 99.99 kwa dhahabu inayodaiwa kutoka moja kwa moja kwa mchimbaji mdogo, jambo ambalo mtu yeyote aliyesimama dirishani sokoni angelicheka. Mche wa viwango vya kimataifa, ule wa wakia 350 hadi 430, hubeba namba, alama ya kiwanda na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Lakini kazi yao ndiyo iliyomuumiza dalali wetu. Anadai picha ya kibali chake halali cha mzigo, aliyomtumia mteja mmoja, ilichukuliwa, gramu zikageuzwa kilo, na namba ya leseni ikaachwa vile vile. Wapelelezi waliponasa karatasi hiyo waliisambaza pamoja na namba yake, naye akawa tapeli kwa watu ambao hajawahi kuwauzia hata gramu moja. Wateja wawili wa zamani hawapokei tena simu zake. Anasema alipokwenda kulalamika aliambiwa alete ushahidi kwamba kibali chake ni cha kweli, na ushahidi wenyewe ni kibali kile kile. Madai yake ni ya upande mmoja, ila wenzake wanaofanya biashara karibu naye wana malalamiko ya aina hiyo.

Ofisa mmoja anayefuatilia sekta ya madini haoni tatizo kubwa. Kwa maelezo yake, tangu masoko yaanze mwaka 2019 mianya imezibwa, na mchango wa wachimbaji wadogo katika mapato ya sekta umefika asilimia 40. Takwimu hiyo hurudiwa mara nyingi majukwaani. Inapima kilichopita dirishani. Dhahabu ya karatasi haipiti dirishani wala hailipi mrabaha, kwa kuwa haipo, na hakuna asilimia inayoweza kuionyesha.

Tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, benki kuu ikiwa mnunuzi. Serikali inaona hapo ngao ya akiba ya nchi. Madalali wanahofu kwamba matapeli nao wamepata maneno mapya ya kuandika juu ya vyeti vyao, kwa kuwa sasa benki na dhahabu vinatajwa pamoja kila siku. Huenda bei ikishuka tamaa nayo ikapungua. Wengine wanasema bei ikishuka ndipo punguzo la cheti litakapoongezwa.

Kwa sasa dalali wa Nyasubi hufunika namba ya leseni kwa kidole gumba anapopiga picha nyaraka zake. Baadhi ya wanunuzi wamemjibu kwamba karatasi iliyofichwa namba ndiyo waliyoonywa waiogope.