Kabla hujarefusha siti ya pikipiki uani, tazama miguu ya mtoto

Munisagara, Kilosa. Kwenye pikipiki ya kazi, siti huchoka mapema. Injini bado inanguruma vizuri na tairi zina meno, lakini siti imeshalala katikati, mshono umeachia, na mvua ikinyesha usiku dereva anaamkia kukalia maji.

Kwa familia za huku kando ya reli ya kati na Mto Mkondoa, pikipiki si chombo cha baba peke yake. Ndiyo inayobeba gunia la mahindi, inayompeleka mjamzito kliniki na kumkimbiza mtoto mwenye homa Kilosa mjini. Baba anayeishi kwa bodaboda anakaa juu ya siti hiyo saa nyingi kuliko anavyokaa kwenye kiti chochote cha nyumbani kwake.

Siti ikichoka, si kila mtu anampelekea fundi. Ni kazi inayowezekana uani siku ya Jumapili: spana, kisu kikali, sponji, gundi ya viatu, pini na kipande cha ngozi ya bandia, ile inayoitwa leza. Leza ya zamani hubanduliwa taratibu isichanike, kisha inatumika kama kipimo cha kukatia mpya. Mpaka hapo hakuna la kutisha. Tatizo huanza kwenye sponji, likahamia kwenye gundi, na likaishia kwenye urefu wa siti yenyewe.

Sponji laini si dawa ya mgongo

Kosa la kawaida ni kukata kipande cha godoro kuukuu. Ukikiminya kwa mkono ni kilaini, kinavutia. Ukikikalia kinabonyea chote, makalio yanafika kwenye plastiki au bati la chini, na kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mwili wa mtu aliyekaa huathirika zaidi na mitetemo ya wima ya kama mara nne hadi nane kwa sekunde, na barabara mbovu haikosi mitetemo ya namna hiyo. Anayeipokea siku nzima, mwaka baada ya mwaka, yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumwa kiuno.

Siti nzuri ina tabaka mbili. Chini inakaa sponji ngumu na nzito inayobeba uzito. Juu yake inawekwa laini, nyembamba, unene wa vidole viwili hivi. Kipimo chake hakihitaji mashine: piga goti juu ya sponji kabla ya kuivika leza, egemeza uzito wako wote. Goti likigusa plastiki, ongeza sponji ngumu, usiongeze laini.

Mbele, karibu na tenki, siti isiteremke. Ikiteremka, dereva anateleza kuelekea tenki kila anapofunga breki, anabana sehemu za siri na kupata ganzi, halafu anajikunja mgongo ili arudi nyuma. Wengi huona aibu kulisema hili hata kwa daktari.

Kimo nacho kinasahaulika. Kila sponji inayoongezwa inainua siti, na dereva mfupi anabaki akigusa ardhi kwa ncha za vidole. Kwenye tope la masika, pikipiki ikiwa imesimama na mama amekaa nyuma, ncha za vidole haziwezi kuizuia isilale. Mwenye pikipiki aikalie kwanza na viatu vyake vya kazi, nyayo zote mbili zikanyage chini, ndipo apige pini.

Maumivu ya kiuno yanayopungua ukipumzika yanaweza kungoja siti mpya. Yanayoambatana na ganzi katikati ya mapaja, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa hayangoji. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Gundi, mkaa na mtoto anayetambaa

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke kidogo, kisha sponji hubandikwa. Zile dakika za kusubiri ndizo zenye madhara. Gundi nyingi za aina hii zina viyeyushi kama toluini na heksani. Mvuke wake unaleta kizunguzungu, kichwa kuuma na kichefuchefu. Heksani, kwa anayeivuta muda mrefu kazini, huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mafundi viatu wa nchi mbalimbali wamewahi kupooza kwa sababu yake.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hushuka, ukatambaa sakafuni, mahali alipokaa mtoto anayejifunza kutambaa, na mahali lilipo jiko la mkaa. Unaweza kushika moto hata kama kopo la gundi liko hatua kadhaa kutoka jikoni. Kwa hiyo kazi hii ifanywe nje, upepo ukipita, jiko likiwa limezimwa au liko mbali, na mama mjamzito asiwe msaidizi wa kushika sponji. Kopo lifungwe na kuwekwa juu, kwa sababu ya wadogo na pia kwa sababu ya wavulana wakubwa wanaojua kwamba gundi inalevya.

Yanabaki mabaki. Vipande vya sponji vinashika moto haraka, ndiyo maana huishia kuwashia mkaa. Sponji ya godoro ikiungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi na sianidi, sumu mbili zinazoua. Basi yakusanywe siku hiyohiyo, na pini zilizodondoka ziokotwe kwa sumaku ya spika mbovu kabla mtoto hajazikanyaga.

‘Baba Nanii, si uirefushe kidogo?’

Hapa ndipo familia zinapokosea kwa nia njema. Siti imeshafunguliwa, leza inatosha, mke anamwambia mumewe airefushe kidogo nyuma ili watoto wawili wapate pa kukaa wakienda shule. Siti inafika hadi juu ya keria. Mishikaki imeshapata nafasi yake ya kudumu.

Kanuni za mwaka 2010 za pikipiki na bajaji za biashara ziliruhusu abiria mmoja kwenye pikipiki, na zilikataza kumbeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Mzazi wa kijijini anaweza kuuliza kwa haki kabisa: mtoto afike shuleni au zahanati kwa nini? Swali hilo lina uzito. Lakini siti ndefu si jibu lake, kwani uzito ukihamia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba, hasa kwenye mchanga na mlimani.

Kisha kuna miguu. Mtoto ambaye nyayo zake hazifiki kwenye vikanyagio anaining'iniza. Upande mmoja kuna ekzosi ya moto, nyuma kuna spoku zinazozunguka. Kisigino kilichoingia kwenye spoku huchanika nyama na wakati mwingine huvunjika mfupa. Miguu isipofika, au kofia ngumu ikimzunguka kichwani kama sufuria, mtoto huyo pikipiki bado haijamtosha, hata siti iwe nzuri kiasi gani.

Akiungua kwa ekzosi, mguu uwekwe chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga wa ngano visiguse kidonda. Malengelenge yakitokea, apelekwe zahanati.

Mwenye kuamua kuiacha siti na urefu wake wa kiwandani anabakiwa na kazi ndogo tu: kufunika sponji kwa nailoni kabla ya leza ili maji ya mshono yasizame, na kupiga pini akianzia katikati kwenda pembeni ili leza isikunjane. Na akichagua rangi, nyeusi inaficha uchafu lakini ikiachwa juani mchana huunguza mapaja ya mwenye kaptula. Kanga kuukuu juu yake inatosha.