Kifungu cha 246

Mgeni azuruye Paris aweza kununua pasi moja ya makumbusho ikamfungulia milango mingi, ukiwamo ule wa kasri la Versailles. Asidhani, hata hivyo, kwamba pasi peke yake yatosha: Jumatatu kasri hufungwa, na siku nyingine sharti awe ameiwekea saa yake ya kuingia. Asiyefanya hivyo huenda akaishia kuyatazama malango ya dhahabu.

Mfalme Louis wa 14 alihamishia baraza lake hapo mwaka 1682. Umati husongamana katika Ukumbi wa Vioo, wenye urefu wa meta 73 na vioo 357, kila mtu akijitazama mwenyewe kuliko anavyoutazama ukumbi.

Mtanzania ana sababu yake ya kusimama hapo. Ndimo ulimotiwa saini, tarehe 28 Juni 1919, mkataba ulioipokonya Ujerumani makoloni yake, bila wenyeji wa nchi hizo kuulizwa neno. Kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani irudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asije akatiwa mbaroni. Irudishe kwa nani? Kwa Serikali ya Mwingereza, Wahehe hawakutajwa. Muda uliowekwa ulikuwa miezi sita. Fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954, na liko huko hata leo, katika jumba dogo la makumbusho, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini.