Maziwa ya Mama Hulisha Mtoto, Hulisha Pia Walinzi wa Utumbo Wake

Kwa mama anayefanya kazi katika ofisi, maduka au hospitali za Parklands, likizo ya uzazi ya miezi 3 huisha upesi. Mtoto bado ana miezi mingine 3 kabla ya kufikia umri ambao Wizara ya Afya inashauri aanze kula. Hadi atimize miezi 6, anapaswa kunyonya tu, bila hata maji. Mama anaporejea kazini, mara nyingi ndipo maziwa ya kopo, maji au uji mwepesi huanza.

Wakazi wengi wanajua kwamba maziwa ya mama yana lishe na kinga. Lisilojulikana sana ni kazi yanayofanya ndani ya utumbo.

Chakula cha bakteria

Ukiondoa maji, vilivyo vingi zaidi katika maziwa ya mama ni sukari ya laktosi, kisha mafuta. Cha tatu ni kundi la sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hufika zikiwa nzima katika utumbo mpana, na huko ndiko waliko walaji wake: bakteria wazuri waitwao bifidobakteria.

Bakteria hawa wakila sukari hizo hutoa asidi. Mojawapo ndiyo inayofanya maziwa lala yawe machachu. Nyingine ndiyo iliyomo katika siki. Kama maziwa lala yanavyokawia kuharibika, ndivyo utumbo wenye asidi unavyokuwa mahali pagumu kwa vijidudu vingi vinavyoleta kuhara.

Mtoto anayelishwa maziwa ya kopo huwa na mchanganyiko tofauti wa bakteria, na asidi katika kinyesi chake huwa kidogo. Maji na chupa visivyo safi navyo huingiza vijidudu wakati ulinzi huo umepungua.

Utafiti uliofanywa pwani ya kusini mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha jinsi mizani hiyo inavyoweza kubadilika. Watoto wa miezi 6 walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wenye madini ya chuma. Bakteria wenye madhara waliongezeka kuliko bifidobakteria. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, pia pwani, uliongeza katika unga huo sukari inayolisha bifidobakteria, na madhara hayo yakapungua. Hata hivyo, mtoto aliyeandikiwa madini ya chuma na daktari asikatizwe, kwa kuwa upungufu wa damu pia ni hatari.

Haki ya mama kazini

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa. Pia inampa mama muda wa mapumziko kwa shughuli hiyo, usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na mapumziko ya chakula.

Mama afanye nini?

• Aanze kuzoea kukamua maziwa kabla likizo haijaisha.
• Anawe mikono na kutumia chombo safi chenye kifuniko.
• Maziwa yaliyokamuliwa yanaweza kukaa hadi saa 4 yakiwa chumbani pasipo joto kali, au hadi siku 4 ndani ya friji.
• Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo, kwani ni rahisi kukisafisha kuliko chupa.
• Akishatimiza miezi 6, aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Mama anayeona maziwa hayatoshi, au anayeishi na virusi vya Ukimwi, asiache kunyonyesha kabla ya kuzungumza na muuguzi. Kwa watoto wachanga wanaohitaji maziwa ya mama mwingine, Hospitali ya Kujifungulia ya Pumwani ina benki ya maziwa ya mama, ya kwanza nchini, iliyozinduliwa mwaka 2019.

Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa watoto 60 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Kwa hao 40 waliosalia, msaada wa mwajiri, baba na yaya unaweza kubadilisha hali. Kwa ushauri, tembelea kituo cha afya kilicho karibu nawe au muulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako.