Mchango wa Watoto: Jinsi ya Kuendesha Kikundi Kidogo Bila Pesa Kuleta Maneno

Vikundi vingi vya kusaidia watoto mtaani huanza vivi hivi. Watu wachache wa kanisa, msikiti au ploti moja wanaona kuna watoto wanaenda shule bila kula. Wanachanga mia mia, na simu ya mmoja wao inageuka kuwa benki. Mwezi wa kwanza mambo huenda sawa. Shida huanza mchango ukikua. Mtu anauliza pesa za Jumapili iliyopita ziko wapi, mweka hazina anasema zilinunua mahindi na maharagwe, mwingine anasema hakuona risiti.

Pengine hakuna aliyeiba hata shilingi. Lakini maneno yakishaanza, wachangaji wananyamaza mmoja mmoja, na Jumatatu watoto ni wale wale lakini sufuria haina kitu.

Makala hii ni ya nyinyi mnaojitolea bila mshahara. Hebu tuangalie hatua kwa hatua jinsi ya kupokea, kutunza na kutoa pesa za watoto ili mtu yeyote akiuliza, jibu liko tayari.

1. Jueni mnatafuta ngapi

"Tusaidieni watoto" ni ombi zuri, lakini halimwambii mtu atoe ngapi. Pigeni hesabu.

Tuseme mna watoto 30 na sahani ya githeri inawagharimu KSh 40. Kwa siku ni KSh 1,200. Kwa wiki ya siku tano ni KSh 6,000. Muhula wa wiki 13 ni KSh 78,000.

Sasa ombi linabadilika: "Tunatafuta watu 60 wa kutoa KSh 100 kila wiki." Mama mboga anaweza. Mtu wa boda anaweza. Anayejiweza zaidi anaweza kuchukua mtoto mmoja kwa muhula mzima, ambayo ni KSh 2,600. Mchango mdogo unaorudi kila wiki ni bora kuliko harambee moja kubwa halafu kimya cha miezi mitatu.

Angalieni kalenda pia. Januari mifuko ya watu imetoboka kwa karo na sare, na ndiyo wakati watoto wanarudi shule. Anzeni kuweka akiba ya muhula wa kwanza kuanzia Oktoba.

2. Kwa nini simu ya mweka hazina haitoshi

Hata kama mweka hazina wenu ni mwaminifu kabisa, laini yake binafsi ina matatizo manne:

- Pesa zinachanganyika. Mchango wa mtoto unaingia pamoja na kodi ya nyumba na deni la duka. Hata mwenyewe hawezi kuzitenganisha baada ya wiki mbili.
- Kuna kiwango cha juu. Kwa M-PESA, kwa mfano, laini ya mtu binafsi haiwezi kushika zaidi ya KSh 500,000, na muamala mmoja hauzidi KSh 250,000. Siku ya harambee kubwa michango inaweza kuanza kurudi.
- Simu ikipotea au laini ikiibiwa, pesa za watoto ziko hatarini pamoja na zake.
- Akifariki, zile zitaonekana kama pesa za marehemu. Kikundi kitalazimika kuieleza familia iliyo kwenye msiba kwamba sehemu ya pesa si zao. Hakuna anayetaka mazungumzo hayo.

Kwa hivyo mtangulizeni mweka hazina kwa kumwondolea mzigo huu. Ni kumlinda, si kumshuku.

3. Jisajilini

Ili kupata nambari ya kupokea pesa kwa jina la kikundi, lazima kikundi kiwepo kisheria. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inawaruhusu watu wasiopungua 10 kujisajili. Nendeni katika ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye kaunti ndogo yenu mkiwa na katiba ya kikundi, kumbukumbu za mkutano ulioamua kujisajili, na orodha ya wanachama na maafisa wenye vitambulisho. Katiba si lazima iwe ndefu. Iseme tu lengo ni nini, nani anaidhinisha pesa, na kikundi kikivunjika kilichobaki kitaenda wapi.

Mkitaka kuchangisha umma kwa jumla, kwa mfano barabarani au nyumba kwa nyumba, ulizeni kwanza kuhusu kibali. Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, inahusu makusanyo ya aina hiyo. Anzieni kwa chifu, atawaelekeza.

4. Paybill au till?

Swali hili tunaulizwa sana. Zote mbili hupokea pesa kwa jina la kikundi, lakini kazi zao ni tofauti.

Till imetengenezwa kwa ajili ya duka. Mtu analipa, basi. Hakuna mahali pa kuandika pesa ni za nini.

Paybill ina sehemu ya nambari ya akaunti, na hapo ndipo faida yake kwa kikundi ilipo. Waambieni wachangaji waandike CHAKULA, SARE au VITABU. Mwisho wa mwezi, taarifa ya akaunti itaonyesha wenyewe kila shilingi iliingia kwa ajili ya nini. Mtu aliyetoa pesa za sare hapaswi kusikia zilinunua unga.

Kabla ya kutia sahihi, ulizeni kuhusu ada. Kwa paybill, ada inaweza kulipwa na anayetuma, na kikundi, au mkagawana. Kama michango yenu mingi ni ya mia mia, ada ndogo ina uzito, kwa hivyo ijadilini kwenye mkutano.

5. Pesa zikitoka

Kupokea ni rahisi. Kutoa ndiko kunakoleta maneno. Kanuni tano zinatosha:

1. Watu wawili wakubaliane kila pesa inapotoka. Unganisheni paybill na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, wawili kati yao wakitosha kuidhinisha.
2. Namba ya siri haipeanwi, hata kwa mwenyekiti.
3. Mlipeni mwenye duka moja kwa moja kwa till yake. Mkitoa pesa taslimu, ushahidi unaishia kwa wakala.
4. Kila ununuzi uwe na risiti, na risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo.
5. Kila mwisho wa mwezi wekeni kwenye group ya WhatsApp mistari minne: tulianza na ngapi, zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi hamsini linatosha, mradi hesabu yake ilingane na taarifa ya simu. Anayelilinganisha asiwe mweka hazina.

6. Matapeli wanapenda mchango

Bango lenye mtoto na nambari ya kuchangia linasambaa haraka. Tapeli analichukua, anabadilisha nambari tu, anaendelea kulisambaza. Jikingeni hivi: andikeni kwenye bango jina kamili linalotokea mtu anapotuma pesa, na muwaambie wachangaji, "Kama jina si hili, usiweke namba ya siri."

Hila nyingine ni ya "nimetuma kimakosa." Mtu anapiga simu akilia kwamba alitaka kutuma 500 akatuma 5,000, umrudishie 4,500. Usirudishe kwa mkono wako. SMS aliyokutumia inaweza kuwa ya uongo, au anaweza kuomba muamala wa kwanza ubatilishwe baada ya wewe kumrudishia. Angalia salio lenyewe, halafu mwambie apigie huduma kwa wateja ili muamala urudishwe kwa njia rasmi.

7. Mtoto si tangazo

Tunajua picha ya mtoto analia huleta pesa haraka. Lakini picha hiyo itakuwa mtandaoni mtoto akiwa kidato cha pili, na wenzake wataiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Hata mkiwa na idhini, msiweke sura yake, jina lake na shule yake pamoja. Picha ya sufuria inayofuka na sahani 30 zimepangwa inatosha kumwonyesha mchangaji kazi yake.

Mjitoleaji yeyote asibaki peke yake na mtoto faraghani, na asimtumie mtoto pesa kisiri. Mkiona dalili za dhuluma, pigeni 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto.

Na mkishapata nguvu, msikimbilie kujenga makao ya watoto. Sera ya serikali sasa ni kumsaidia mtoto abaki na familia. Mara nyingi nyanya anayelea wajukuu watatu anahitaji unga, sare na mtu wa kumtembelea. Hahitaji wajukuu kuchukuliwa.

Anzeni na nini wiki hii?

Kama pesa bado ziko kwa simu ya mtu, fanyeni mambo matatu kabla ya Jumapili: ombeni taarifa ya miezi mitatu iliyopita, andikeni kiasi ambacho ni cha kikundi mbele ya mashahidi wawili, na mpange tarehe ya kwenda kujisajili. Maafisa watatu wakifika na cheti, vitambulisho na barua ya kikundi, ombi la paybill linaweza kuanza siku hiyo hiyo.