Miaka 59 ya Mwalimu Gillespie

Wanafunzi wetu wanayajua majina ya wachezaji mpira wa nchi za mbali kuliko wanavyoyajua majina ya mito ya Kongo. Hatuwalaumu. Lakini ni mara chache sana mtoto kutuuliza ni nani aliyemfundisha mchezaji yule alipokuwa bado mdogo, akikimbia ovyo na kuukosa mpira. Leo twapenda kuwapasha wasomaji wetu habari za mwalimu mmoja wa namna hiyo, Mmarekani, jina lake Gordie Gillespie. Alifundisha mchezo wa besiboli katika vyuo vidogo kwa miaka 59, toka mwaka 1953 hata mwaka 2011, asihame kamwe kwenda kwenye chuo kikubwa. Siku alipoiacha kazi hiyo, timu zake zilikuwa zimeshinda mara 1,893. Katika vyuo vyote vya miaka minne vya Marekani, vikubwa kwa vidogo, hapakuwa na mwalimu wa besiboli aliyewahi kufikia hesabu hiyo.

Kwa kuwa besiboli si mchezo wa kwetu, yafaa tuueleze kidogo, na wale wanaoujua watuvumilie. Timu ni mbili, kila moja ina watu tisa. Moja imetawanyika uwanjani kulinda, nyingine inakuja kupiga kwa zamu. Mrushaji anasimama mbali na mpigaji kiasi cha mita 18 na nusu, anavurumisha mpira mdogo mgumu, uliofunikwa kwa ngozi, uzito wake kama gramu 145. Mpigaji ana gongo mkononi. Akiupiga vema hukimbia kwenda kituo cha kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu, na toka kituo hata kituo ni mita 27 na zaidi kidogo. Akirudi salama mahali alipoanzia, timu yake imepata alama moja. Wapigaji watatu wakiisha kutolewa, timu zinabadilishana kazi. Kwa kawaida zamu ni tisa, naye mwenye alama nyingi ndiye mshindi.

Hayo ni sheria tu. Jambo linalotupasa kulishika ni hili: katika besiboli mpigaji anayefaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa kuwa hodari. Mara saba anarudi kuketi kwenye benchi mikono mitupu, wenzake na wazazi wake wakimtazama. Wala hawezi kujificha katikati ya kundi, kama mchezaji wa mpira wa miguu awezavyo siku miguu yake ikiwa mizito, maana anapopiga anasimama peke yake. Basi kijana anayejifunza mchezo huu hushindwa kila siku, mbele za watu, na mwalimu wake ndiye anayepaswa kumrudisha tena uwanjani kesho yake. Gillespie aliifanya kazi hiyo kwa vijana ambao wengi wao hawangelipwa hata senti moja kwa kucheza, na ambao magazeti makubwa hayakuwaandika.

Alizaliwa mwaka 1926, akasoma katika chuo kikuu cha DePaul, kilicho mjini Chicago, nacho ni cha Mapadri wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Lakini jina lake halikufungamana na Chicago. Lilifungamana na Joliet, mji ulio kusini-magharibi ya Chicago, kandoni mwa mto Des Plaines. Zamani watu walikwenda huko kuchimba mawe ya kujengea na kufanya kazi katika viwanda vya chuma. Wengi walitoka Slovenia, Polandi, Italia na Ireland, wakajenga parokia zao na mashule yao. Watu wa mbali waliujua mji huo zaidi kwa sababu ya gereza lake, lililofunguliwa mwaka 1858 na kufungwa mwaka 2002. Twaonelea kwamba mji unaosifika kwa gereza wahitaji waalimu wazuri kuliko miji mingine.

Mwendo mfupi kaskazini ya Joliet kuna chuo cha Lewis. Bernard Sheil, askofu msaidizi wa Chicago, alikianzisha mwaka 1932, wakati wa ile shida kubwa ya ukosefu wa kazi, ili vijana wapate kujifunza ufundi, hata ufundi wa ndege. Askofu huyo mwenyewe alikuwa mrushaji wa besiboli katika ujana wake, kwa hiyo si ajabu michezo ikapewa heshima hapo. Toka mwaka 1960 chuo kiliwekwa mikononi mwa Mabruda wa Mashule ya Kikristo, wana wa Mtakatifu Yohane Batista wa La Salle, ambao nchi yetu inawajua kwa mashule yao. Hapo ndipo Gillespie alipoanza. Alifundisha besiboli, akafundisha na mpira wa kikapu, akawa mkuu wa michezo yote ya chuo. Kama hayo hayatoshi, mwaka 1959 alipokea na kazi nyingine, kufundisha katika shule ya sekondari ya wavulana ya Mapadri Wakarmeli mjini Joliet ule mpira wa Kimarekani unaochukuliwa mikononi. Akadumu katika kazi hiyo hata mwaka 1985.

Besiboli ilikuwa kazi ya majira ya kuchipua, na mpira wa Kimarekani kazi ya majira ya vuli. Wake za waalimu wanaosoma ukurasa huu wataelewa bila kuambiwa kwamba kazi za namna hiyo zina gharama yake nyumbani.

Tufikiri sasa juu ya nchi yenyewe. Illinois ina baridi kali. Mwezi wa pili ardhi ni ngumu kama chuma, na mara nyingi theluji imeifunika. Lakini mashindano ya besiboli ya vyuo huchezwa majira ya kuchipua, kabla wanafunzi hawajarudi kwao. Ndiyo maana vyuo vya kaskazini hulazimika kuanza mazoezi ndani ya nyumba, juu ya sakafu ya mbao, mahali ambapo mpira haurukiruki kama unavyoruka juu ya udongo. Kisha vijana hupanda basi kwenda kusini kutafuta jua na kucheza na timu ambazo zimekuwa nje wiki nyingi. Vyuo vya California, Texas na Florida havina taabu hiyo. Vijana hodari wanalijua jambo hili, nao huenda kule kwenye joto. Mwalimu wa chuo kidogo cha kaskazini hubaki na wale ambao hawakuitwa.

Vyuo vidogo vina chama chao cha michezo, kiitwacho NAIA, na tangu mwaka 1957 chama hicho hufanya mashindano ya kumtafuta bingwa wa besiboli wa nchi nzima. Gillespie alikuwa kazini tayari mashindano hayo yalipoanza. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine. Miaka kumi ikaisha, ikaja kumi na tano, taji halikuja Lewis. Sisi tulio waalimu twaujua moyo wa mtu katika miaka kama hiyo. Wanafunzi wanamaliza na kwenda zao, wanakuja wengine wasiojua lolote, nawe waanza tena neno la kwanza: shika gongo hivi, tazama mpira hadi umegusa gongo, usisimame kumlaumu mwenzako bali kimbia ukamsaidie nyuma yake. Hakuna anayeandika habari za mwaka wa kumi na mbili wa mwalimu.

Mwaka 1974 Lewis ilichukua ubingwa. Gillespie alikuwa na umri wa miaka karibu 48, na ulikuwa mwaka wake wa ishirini na mbili katika kazi hiyo. Mwaka 1975 Lewis ilishinda tena, na mwaka 1976 mara ya tatu mfululizo. Katika miaka hiyo miwili ya mwisho, vijana wake wa shule ya Wakarmeli nao walichukua ubingwa wa mpira wa Kimarekani wa Jimbo la Illinois, wakaurudia mwaka 1977, 1978 na 1981. Mtu mmoja, mwaka mmoja, mataji mawili katika michezo miwili isiyofanana kwa lolote! Twakiri kwamba tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulidhani mpiga chapa amekosea.

Katika shule ya Wakarmeli alipitia pia kijana mfupi aitwaye Daniel Ruettiger, mmoja wa watoto 14 wa nyumba moja, ambaye hakuwa na mwili wa mchezaji wala alama nzuri za masomo, lakini alitamani kuvaa sare ya chuo kikuu cha Notre Dame. Alifika huko baada ya kukataliwa mara kadhaa, na tarehe 8 Novemba 1975 aliingizwa uwanjani katika nafasi za mwisho kabisa za mchezo. Sinema ilitengenezwa juu ya habari zake mwaka 1993, ikamfanya ajulikane duniani kote. Kati ya wote waliofundishwa na Gillespie, aliyepata jina kubwa kuliko wengi ni huyu aliyecheza muda mfupi tu.

Baada ya taji la tatu la Lewis mtu angetazamia Gillespie aende kwenye chuo kikubwa. Alihama kweli, lakini hakwenda mbali. Mwaka 1977 alianza kufundisha katika chuo cha Mtakatifu Fransisko mjini Joliet, kilichoanzishwa na Masista Wafransisko mwaka 1920. Chuo hicho kilikuwa cha wasichana hata mwaka 1971. Yaani alipofika, wavulana walikuwa wageni bado hapo, miaka sita tu. Alianza tena toka mwanzo, akiwa na miaka hamsini na zaidi, na taji lake la kwanza hapo alilipata mwaka 1993, baada ya miaka kumi na saba. Alikuwa na miaka karibu 67.

Umri huo watu wengi wanakaa barazani wakisimulia. Gillespie mwaka 1996 alikwenda Ripon, mji mdogo wa Wisconsin, kaskazini zaidi, kwenye baridi zaidi. Chuo cha Ripon kina wanafunzi wasiofika hata 1,000, na kimo katika daraja la tatu la chama kikubwa cha michezo ya vyuo, daraja ambalo haliruhusu kumlipia mwanafunzi masomo yake kwa sababu ya uchezaji. Kijana anayecheza huko hucheza kwa kupenda tu, na asubuhi yake ana mtihani wa kemia. Mzee huyu alikaa nao miaka kumi. Kwa maoni yetu miaka hiyo kumi yamweleza mtu huyu kuliko mataji yote manne, maana hapo hapakuwa na fedha ya kumvuta wala jina jipya la kutafuta.

Mwaka 2006 alirudi Joliet kwa Wafransisko, akatimiza miaka 80 akiwa bado uwanjani. Alifundisha hata mwaka 2011.

Wako wanaosema kwamba hesabu ya 1,893 isiwekwe pamoja na hesabu za vyuo vikubwa, kwa sababu aliwashinda watu wadogo. Neno hilo lina ukweli ndani yake, na hatupendi kulificha: kuishinda timu ya chuo cha wanafunzi mia nane si sawa na kuishinda ile ya chuo kikuu cha Texas. Lakini naye aliwashinda kwa watu wadogo vilevile. Kijana ambaye Texas ingemkataa siku ya kwanza, yeye alimpokea. Kila mmoja alipewa mizani yake, na tukitaka kupima, tupime kwa mizani hiyohiyo pande zote mbili. Tena tusisahau kwamba timu zake zilishindwa pia mara mamia. Kwa wastani zilishinda mara 32 kwa mwaka. Hakuna mwaka mmoja uliofanya hesabu hiyo, ila wingi wa miaka.

Mwaka 2014 Augie Garrido wa chuo kikuu cha Texas, mwalimu stadi sana ambaye hatutaki kumpunguzia heshima, aliipita hesabu ya Gillespie. Mwaka 2018 Mike Martin wa chuo kikuu cha Florida State akampita Garrido, akastaafu mwaka 2019 na ushindi 2,029. Gillespie aliishi hata akaona jina lake likishuka toka nafasi ya kwanza.

Alifariki tarehe 28 Februari 2015, akiwa na miaka 88. Tarehe hiyo huko Illinois uwanja bado umelala chini ya baridi, na vijana wa vyuo vidogo wamo ndani wakirushiana mpira juu ya sakafu ya mbao, mifuko yao ya safari ya kusini ikiwa tayari imepangwa kando ya ukuta.