Waliobeba Mifupa ya Ruhuhu

Katika hazina ya Makumbusho ya Historia ya Asili jijini London limo fuvu la mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 240 iliyopita kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Lilifukuliwa mwaka 1963 katika bonde la Mto Ruhuhu, ukanda ule ule ilipo Litumbandyosi ya wilayani Mbinga, mto unaomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Lilipokuwa zima, fuvu hilo lilizidi sentimita 75 kwa urefu. Mwenye nalo alikuwa mla nyama, jamaa wa mbali wa mamba. Mtaalamu Alan Charig alimwita Pallisteria, jina la kumuenzi mwanajiolojia Pallister, lakini hakuwahi kulirasimisha. Mwaka 2022 ndipo wataalamu walipomchambua mnyama huyo kikamilifu na kumpa jina la Kiswahili: Mambawakale ruhuhu.

Wataalamu hao walifanya jambo jingine ambalo makala za visukuku hazilifanyi mara nyingi. Waliandika kwamba msafara wa 1963 ulitegemea sana Watanzania na Wazambia ambao majina yao hayakutajwa: watu waliosaidia kuyapata mawe yenye mifupa, wakatengeneza njia za magari, wakabeba mizigo kutoka porini. Ripoti ya msafara iliyotoka mwaka 1964 katika jarida la Nature ina majina ya Waingereza wanne.

Hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapoanza. Wengi hudhani kwamba historia ni mambo yote yaliyotokea, na kwamba mwanahistoria huyaokota tu na kuyapanga kwa tarehe. Sivyo. Tukio lisiloacha alama yoyote, iwe karatasi, picha, kaburi, au kumbukumbu ya mtu, haliwezi kuthibitishwa, hata kama lilitokea mchana kweupe. Na alama zenyewe hazijiandiki. Michel-Rolph Trouillot, mwanahistoria kutoka Haiti, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba ukimya huingia mapema kabisa, pale kumbukumbu inapoandikwa kwa mara ya kwanza, kisha huongezeka inapohifadhiwa na inaposimuliwa. Mtu aliyechimba Ruhuhu alikosa nafasi kwenye hatua ile ya kwanza. Waliokuja baadaye wakisoma ripoti hawakumfuta, hawakumkuta.

Mkoa wa Ruvuma, ilipo Mbinga, una mfano mkubwa zaidi wa ukimya huo. Kwa miaka mingi Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, vilielezwa zaidi kwa makaratasi ya walioshinda. Gavana wa Kijerumani, von Götzen, ambaye ndiye aliyesimamia kuvizima, alitoa kitabu chake mwaka 1909. Kisha mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, chini ya mradi ulioongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, waliingia vijijini kuwauliza wazee. Wazee walieleza kulazimishwa kulima pamba, viboko vya maakida, na dawa ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe. Ushahidi wa mdomo, uliokuwa ukidharauliwa kama hadithi za jioni, ukakaa meza moja na barua za serikali.

Nao pia ulihitaji kupimwa. Mzee anayesimulia mambo ya mwaka 1905 katika mwaka 1968 huenda alikuwa mtoto wakati ule, au alisikia kwa baba yake. Huenda ukoo wake una heshima ya kulinda. Na muulizaji naye alikuwa kijana wa taifa lenye miaka michache tu ya uhuru, akitafuta makabila yaliyoungana dhidi ya mkoloni. Wanahistoria waliokuja baadaye, wakiwemo walioandika katika kitabu kilichohaririwa na James Giblin na Jamie Monson mwaka 2010, walirudi kwenye ushahidi na kuona kwamba kila eneo liliingia vitani kwa sababu zake, na Ungoni ilikuwa na siasa zake za ndani. Wale wa 1968 hawakudanganya. Waliuliza maswali ya wakati wao.

Kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni mjini Songea Februari 27, 1906 hakujabadilika kwa mjadala huo wote. Tarehe imesimama. Kinachobishaniwa ni maana yake, na mabishano ya namna hiyo ndiyo afya ya taaluma hii.

Kule Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, tofauti hiyo kati ya tukio na masimulizi yake inaonekana vizuri. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Hilo halina ubishi. Lakini vitabu hupenda kuongeza kwamba nahodha wa Kijerumani, aliyekuwa hajapata habari za kuanza kwa Vita Kuu ya Kwanza, alipiga kasia hadi kwa rafiki yake Mwingereza akimfokea kama amelewa. Kisa kitamu, na kwa sababu ni kitamu kinastahili maswali makali zaidi: nani aliyasikia maneno hayo, na aliyaandika lini? Wavuvi wa Liuli waliosikia mizinga wana nafasi ndogo mno katika masimulizi hayo ya manahodha wawili.

Kwa upande wa Ruhuhu, bado kuna pa kuanzia. Misafara ya namna ile kwa kawaida huacha shajara, picha, na hesabu za malipo ya vibarua. Picha huonyesha sura bila jina. Daftari la malipo hutaja jina bila sura. Vikiwekwa pamoja, kisha vikapelekwa kijijini wazee wakaulizwa mmoja mmoja, bila kuwekewa majibu mdomoni, mtu anaweza kutambulika. Tangu mwaka 2007 watafiti wa Tanzania na wenzao wa Marekani wamekuwa wakichimba bondeni humo, na mnyama wa kale aitwaye Asilisaurus kongwe, aliyetangazwa mwaka 2010, amehifadhiwa Dar es Salaam, si Ulaya. Kazi hiyo ingefaa iandamane na kinasa sauti. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati fuvu la Mambawakale linapakiwa garini sasa amevuka 80.