Soli maalumu hupunguza maumivu, hazinyooshi kidole

Nundu ngumu inayojitokeza ubavuni mwa mguu, penye shina la kidole gumba, si nyama iliyoota. Ni mfupa uliosogea: kidole huinamia wenzake, na fundo lake husukumwa nje. Kiatu hulisugua kila hatua, hata kutembea kukawa mateso.

Soli ya ndani, iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mgonjwa mwenyewe, huutegemeza wayo na kugawanya uzito ili fundo lisielemewe. Hata hivyo, hainyooshi kidole. Kazi hiyo ni ya upasuaji pekee. Tena, ndani ya kiatu chembamba huzidisha msongo. Kwa hiyo hutangulia kiatu kipana chenye kisigino kifupi.

Mwenye kisukari, ambaye huenda asihisi kidonda, amwone daktari kwanza.